Tupambe Nyumba kwa Majani ya Kwetu

Watu wengi wasikiapo neno bustani huona maua katika fikira zao. Mimi sina ugomvi na maua. Lakini ua ni mgeni wa muda mfupi: huja na mvua, hupendeza kwa majuma machache, kisha hunyauka na kumwachia mwenye nyumba vijiti vikavu na kazi ya kufagia. Jani lisilopukutika ndilo mwenyeji. Hilo hukaa masika na kiangazi, limeshika rangi yake na umbo lake, na nyumba iliyo nyuma yake hupendeza siku zote. Kwa sababu hiyo mtengenezaji hodari wa bustani huanza na mimea ya umbo, yaani mimea ambayo uzuri wake umo katika shina, jani na kimo, kama uzuri wa nguzo au wa mlango uliochongwa. Maua huja nyuma, kama vito juu ya vazi lililokwisha kushonwa.

Hoja yangu, msomaji, ni hii: mimea ya namna hiyo imejaa katika nchi yetu, nasi twaipita kana kwamba haipo, na baadhi ya wachache waitakao huipata kwa uporaji. Makosa haya mawili, la kudharau na la kupora, yametoka katika shina moja, nalo ni kudhani kwamba mmea wa mwituni hauna thamani wala hauna mwenyewe.

Tazama nyua za shule zetu, za ofisi zetu na za nyumba zetu. Mara nyingi utakuta safu ya saiprasi zilizonyolewa zikafanywa masanduku, majani mapana yaliyotoka Amerika, na nyasi zinazolia kiu mchana kutwa huku wanafunzi wakisubiri maji ya kunywa mferejini. Kisha tembea maili chache nje ya mji uone tulivyoviacha. Kando ya mito, kutoka pwani hata bara, mkindu husimama na mashina mengi yaliyoinama huku na huku kama wacheza ngoma. Katika mabonde ya nyanda za juu mgomba mwitu hukunjua majani makubwa yatoshayo kumkinga mtu na mvua. Katika nchi kavu kuna mikonge mwitu yenye majani kama mikuki, na mishubiri ya aina nyingi kuliko vidole vyako vya mikono na miguu. Karibu na Ziwa Nakuru uko msitu mzima wa mieuforbia, miti ambayo matawi yake huinuka pamoja kama vinara vya mishumaa. Ni mchongaji gani atakayebuni maumbo mazuri kuliko hayo?

Wako watakaojibu, "Hayo ni magugu ya porini." Jibu hili ni la kiburi, tena si la kweli. Gugu ni mmea uliosimama mahali usipotakiwa. Mahali pakibadilika, jina nalo hubadilika. Mimea ya jamaa ya mkonge mwitu, yenye asili ya Afrika, hukuzwa vyunguni na kuwekwa madirishani Ulaya na Marekani, na watu hulipa fedha kuipata. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Mmea huu umecheza kwao bila tuzo, ukatuzwa ugenini. Majirani zetu Wachaga wa Kilimanjaro wametushinda kwa busara. Wao hupanda masale, mmea wenye majani marefu ya kijani, katika mipaka ya mashamba yao, na aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale kuomba msamaha. Kwao jani ni pambo, ni mpaka na ni amani. Je, ua wa saiprasi umepata kumpatanisha nani?

Wengine watasema kwamba nawachukia wageni. Sivyo. Mwembe ni mgeni, mhindi ni mgeni, na mjakaranda unaopamba barabara za Nairobi ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini. Hakuna mwenye akili atakayetaka ving'olewe. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wako wageni waliokataa jembe wakatwaa shamba. Mpungate uliletwa nchini kwa pambo na kwa ua. Leo katika Laikipia umefunika malisho mapana. Tembo na nyani hula matunda yake na kuzitawanya mbegu, na mbuzi alaye matunda hayo huchomwa na vijiba vyake mdomoni na tumboni. Gugumaji nalo lilipendwa kwa maua yake likakuzwa katika madimbwi ya bustani, mbali na kwao Amerika ya Kusini. Katika miaka ya 1990 liliziba bandari ya Kisumu, mitumbwi ya wavuvi ikakosa njia. Mithali yasema kwamba mchongoma kuupanda, kushuka ndio ngoma. Iliwakusudia wakweao mti, lakini yawafaa pia watiao mche ardhini bila kuuliza tabia yake.

Wa tatu watalalamika kwamba mimea ya kwetu hukua polepole. Baadhi yake, naam. Mgomba mwitu haukawii: baada ya miaka michache humpita mtu kimo. Mtapo wa pwani, mmea wa kale ufananao na mnazi mfupi ingawa si mnazi, hukua taratibu mno. Lakini tangu lini uvivu wa mti ukawa aibu ya mti? Apandaye mtapo huwapandia wajukuu wake, na hiyo ni sifa ambayo wapandaji wa nyasi hawatapewa.

Hapa nafikia kosa la pili, ambalo ni zito zaidi. Kwa kuwa mtapo hukua polepole, mtu mwenye fedha na haraka hataki mche. Hutaka shina lililokwisha kukomaa, naye humtuma mtu mwenye jembe usiku. Shina hilo laweza kuwa limeishi miaka mingi kuliko mzee wa kijiji. Tena mitapo ina mume na mke: mmoja hutoa chavuo, mwingine huzaa mbegu. Amng'oaye mke humwacha mume mgane, na msitu ukakosa watoto.

Sikuambii jambo la kubuni. Mwaka 1895 John Medley Wood, mtaalamu wa mimea, aliukuta mtapo wa kiume katika msitu wa Ngoye, Natal, Afrika ya Kusini. Mwenzake wa kike ametafutwa tangu siku hizo, wala hajaonekana. Machipukizi yake yamepandwa katika bustani nyingi za dunia, hata ile ya Kew huko London, lakini yote ni mwili wa mgane yule yule. Nasi hapa Kenya tunao mtapo wa vilima vya Maungu, katika Taita, uliopewa na wataalamu jina la Encephalartos kisambo mwaka 1989, nao umo hatarini. Mkataba wa mataifa uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973 wakataza biashara ya kimataifa ya mitapo ya jamii hiyo iliyong'olewa mwituni. Mishubiri nayo iliporwa kwa utomvu wake hata mwaka 1986 amri ya rais ikapiga marufuku kuivuna porini kwa biashara. Lakini amri hailindi kilima usiku. Kitakacholinda kilima ni mnunuzi anayekataa kununua.

Kukataa huko si taabu, kwa maana mimea hii yakubali kuzalishwa kitaluni. Jani la mkonge mwitu hukatwa vipande vya urefu wa kidole, vikaachwa siku chache vikauke kidonda, vikapandwa mchangani, upande wa chini ukabaki chini. Mshubiri hutoa machipukizi ubavuni. Isale huota kwa kipande cha shina. Mgomba mwitu hautoi machipukizi kama mgomba wa ndizi, basi huoteshwa kwa mbegu, nazo hulowekwa majini kwanza kwa kuwa ni ngumu. Mkindu huota kwa kokwa zake. Mpe kila mmoja mahali pa asili yake: mshubiri na mkonge palipo jua na mchanga usiotuamisha maji, mgomba mwitu palipo rutuba na unyevu. Usiusonge mmea wa umbo katikati ya vichaka. Usimamishe mbele ya ukuta mtupu, ambapo kivuli chake kitachora ukutani jioni. Euforbia usiupande wachezapo watoto, maana utomvu wake huumiza macho.

Basi, msomaji, utakapokwenda kununua mche, muulize mwuzaji neno moja: "Huu umeota wapi?" Akikuonyesha kitalu chake, mlipe wala usimpunje, kwa kuwa amefanya kazi ya kukuza badala ya kung'oa. Akikwepa swali, au ukaona mizizi iliyokatwa kwa jembe na udongo mwekundu wa kilima ungali juu yake, ondoka mikono mitupu. Afadhali ukuta wako ukae mtupu miaka mitano ukiungoja mche kuliko kilima kikae kitupu milele.