Gari la kuazima linasema kweli

Mwandishi aliyelinganisha Premio na Mark X anatutaka tupuuze gari tunaloazimwa letu likiwa gereji, tuamini takwimu za kiwandani tu. Nakataa. Takwimu za mafuta anazozitegemea, za kipimo cha Japani cha JC08, zilipatikana maabarani, magurudumu yakizunguka juu ya roli. Juu ya roli hakuna foleni ya Mwenge wala matuta ya Tegeta.

Mark X ya lita 2.5 ina injini ya V6 inayosukuma magurudumu ya nyuma. Barabara ikiwa nyeupe, raha tupu. Foleni ikisimama, silinda zote 6 zinaendelea kunywa, na ukipakia watu watano tumbo lake huweza kukwaruza tuta. Hapo ndipo Premio ya lita 1.5, isiyojigamba popote, inapoishinda. Utayajuaje hayo kabla hujapeleka watoto shule na kurudi na gunia la mchele kwenye buti?

Kweli, gari la kuazima huenda lina shokapu zilizochoka. Basi kagua shokapu na upepo wa matairi kwanza, ndipo uhukumu. Naye mwandishi atuambie: Mark X anayoisifia aliikalia kwenye foleni ipi, na mafuta alilipa nani?