Shingo ya Gitaa na Mti Mbichi

Yako maneno tunayoyasikia mara nyingi mno hapa Dar es Salaam, na leo twapenda kuyajibu. Husemwa ati kitu cha kienyeji hakidumu. Juzi yalisemwa Kinondoni, uani kwa fundi mmoja tunayemfahamu, mbele ya shingo ya gitaa la besi iliyojikunja kama upinde. Mpigaji alikuwa ameitumia miezi miwili tu. Fundi alirudisha fedha zote, wala hakujitetea. Kwa kuwa yeye alinyamaza, sisi tutasema.

Kwanza msomaji aijue kazi yenyewe. Uzi wa besi, tangu kichwani hadi kwenye daraja, kwa kawaida una urefu wa milimita 864. Nyuzi nne zikikazwa huivuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, usiku na mchana, kama mtu mzima aliyening'inia asiyetaka kushuka. Ndiyo maana ndani ya shingo hufichwa fimbo ya chuma. Vile vyuma vyembamba vinavyogawa sauti navyo vina hesabu yake: cha kwanza hukaa milimita 48 na nusu kutoka kichwani, cha kumi na mbili hukaa katikati hasa, milimita 432. Ukikosea milimita moja, wacheza dansi watakuumbua.

Hayo yote fundi wetu huyafanya chini ya bati, wakati wa kaskazi, jua likichoma tangu saa tatu asubuhi. Gundi huanza kukauka kabla hajakaza jiriwa. Jasho likidondoka juu ya tupa, kutu haichelewi. Mbao ikiachwa upande mmoja juani, jioni huikuta imejipinda. Kwa hiyo huamka alfajiri kupiga randa, na mchana huifunika mbao kwa gunia uvunguni.

Basi shingo ile iliharibikaje? Muuza mbao alimwapia kwamba mninga ule umekauka. Haukuwa umekauka. Fundi aliushika akaona ni mzito, lakini mpigaji alitaka gitaa kwa wiki mbili, ana harusi ya kupiga Temeke. Na nyumbani ada ya shule ilikuwa ikidaiwa. Sisi tulikuwapo siku ile, wala hatukumwambia angoje. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini mti ukichongwa mbichi hujikunja wenyewe. Maji yalipotoka mbao ikasinyaa, ncha za vile vyuma zikachomoza pembeni zikachoma mkono wa mpigaji, kisha shingo ikapinda hata ile fimbo haikufaa kitu.

Je, hapo kosa ni la mti wetu? Hata kidogo! Mninga uliokauka vizuri ni katika miti inayotulia sana. Na mpingo, ambao fundi aliutumia kwa ubao wa kubonyezea nyuzi, ni mzito hata huzama majini. Mpingo huo huo wa Kilwa na Lindi husafirishwa Ulaya ukafanywa kilarineti na obo zinazopigwa katika kumbi kubwa za dunia. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, huko Kilwa, ilipata cheti cha kimataifa cha utunzaji bora. Huko Ulaya hakuna anayeuita mti wa kienyeji. Lakini huko hawautoboi siku ulipofika. Huuacha ukauke kwa muda mrefu. Tofauti ni subira, si damu wala rangi ya fundi.

Twasema basi mambo matatu. Wauza mbao waseme kweli: mbichi iitwe mbichi, na bei yake iwe ya mbichi. Mafundi waungane, wajenge banda moja la kukaushia, lenye kivuli na upepo, mbao zipangwe kwa vijiti katikati. Kanuni ya zamani ya maseremala ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Asiye na hakika aipime mbao kwa mizani kila wiki. Ikiacha kupungua uzito, maji yaliyokuwa ya kutoka yametoka. Mtu mmoja hawezi kuifungia fedha yake ndani ya mbao mwaka mzima, lakini watu kumi wakichanga wataweza.

La tatu latuhusu sisi wanunuzi. Gitaa la kigeni twalilipia fedha zote hata kabla hatujaliona, tukangoja meli bila kunung'unika. Fundi wa Kinondoni twampa kishika uchumba kidogo, kisha twamgongea mlango kila jioni. Huo si uungwana. Kinondoni iliyokuwa maskani ya Vijana Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1971, haikosi masikio ya kujua chombo kizuri. Inakosa watu wa kungoja.

Fundi wetu ameanza tena. Ameegemeza vipande vinne vya mninga ukutani, kila kimoja kimeandikwa kwa chaki tarehe na uzito. Hataki kuvigusa mpaka mwakani. Mwenye kuhitaji besi na aende amlipe sehemu ya fedha sasa, kisha amwache afanye kazi. Mcheza kwao hutunzwa; na anayemchongea gitaa naye atunzwe.