Kasi ya Kupakia Isifichwe

Kijana wa Keringet anayeishi kwa kazi za mtandaoni hulipia intaneti kila mwezi, naye mara nyingi hutajiwa kasi ya kupakua pekee. Ile ya kupakia, yaani kuituma kazi yake nje, haizungumzwi. Ikishuka ghafla, hajui kama kosa ni la mvua, la mitambo au ni kusudi la kampuni.

Dhana hiyo si ya bure. Oktoba 2007, shirika la habari la Associated Press lilijaribu kusambaza Biblia kwa BitTorrent kupitia mtandao wa Comcast, Marekani. Biblia, wala si filamu ya wizi! Lilizuiwa mara mbili kati ya tatu. Tume ya mawasiliano ya huko iliikemea kampuni hiyo Agosti 2008, ingawa mahakama ilibatilisha uamuzi huo mwaka wa 2010.

Hatupingi kasi kugawanywa mtandao unaposongamana. Tunachopinga ni siri. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 champa mnunuzi haki ya kupata habari kuhusu anachonunua. Mamlaka ya Mawasiliano haina budi kuziamuru kampuni ziandike katika mikataba kasi ya kupakia na saa inapopunguzwa.