Tuwasaidie Vijana Wanaowasomesha Binti Zetu

Ndugu Wanachama,

Neno nitakalolisema leo laweza kuwaudhi baadhi yetu, nami mwenyewe ni wa kwanza kuguswa nalo.

Msimu uliopita nilikwenda shambani kwangu asubuhi moja, nikakuta watoto wa kike sita wanaokota karafuu zilizoanguka chini ya mikarafuu. Ilikuwa siku ya skuli. Nikawauliza mbona hawakwenda kusoma. Watano waliinamisha vichwa, wa sita akanijibu: “Babu, msimu ukisha nitarudi.” Nikanyamaza. Ningesema nini, na hali shamba ni langu na ujira wao ulikuwa watoka mfukoni mwangu?

Msimu ukesha, na mtoto yule hakurudi skuli. Alikwisha kuachwa nyuma na wenziwe, akaona haya kuingia darasani.

Nilipata habari zake kwa vijana wawili wa shehia yetu, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume, waliomaliza Kidato cha Sita na ambao bado hawajapata kazi. Walikuja kwangu na daftari lenye majina ya watoto wa kike walioacha kusoma, kila jina na sababu yake. Huyu hana sare, yule anamuuguza nyanya yake, huyu anatafutiwa mume. Na jina la juu kabisa lilikuwa la mtoto yule, na sababu yake ilikuwa neno moja tu: karafuu. Wakaniambia, “Babu, hatukuja kuomba fedha. Twaomba ghala lako jioni, tupate kuwasomesha.”

Niliwapa. Wakawa wanafundisha hesabu na Kiingereza baada ya sala ya alasiri, na kabla ya magharibi yule binti huwarudisha watoto mpaka milangoni kwao, ili wazazi wasiwe na wasiwasi. Hawalipwi hata senti moja. Mtoto yule naye amerudi skuli.

Basi watu wananisifu kwa kutoa ghala. Lakini tuseme kweli, ndugu zangu. Nilipolitoa lilikuwa tupu, karafuu zimekwisha kuuzwa. Msimu ukirudi, ghala litajaa magunia, na watoto wale wataitwa tena chini ya mikarafuu. Msaada wa mtu hupimwa pale unapomgharimu, na wangu haujanigharimu kitu bado.

Wako watakaosema kwamba elimu ni kazi ya Serikali, na kwamba hapa kwetu ilitangazwa kuwa bure tangu mwaka 1964. Ni kweli, lakini skuli ya bure haimfai mtoto asiyekuwamo ndani yake. Siku anazopoteza msimu mzima, Serikali haiwezi kumrudishia. Anayeweza kumwachia siku hizo ni mzazi wake, na ni mimi na wewe tunaomwajiri.

Wengine watasema mikono ni michache na karafuu haingoji. Hilo pia ni kweli, kila mkulima alijua. Karafuu ikiachwa mtini hata ikachanua, thamani yake imeanguka. Lakini kuokota na kuchambua ni kazi ziwezazo kufanywa na watu wazima, tukiwaongeza ujira. Itatupunguzia faida, sikatai. Mtoto wa kike naye ana wakati wake wa kusoma, na ukimpita, hakuna msimu wa pili.

Jambo hili si geni duniani. Huko Zimbabwe, shirika la CAMFED lilianza mwaka 1993 kwa kuwasaidia wasichana 32 wa vijijini kwenda skuli. Baadaye likaenea nchi nyingine, na Tanzania Bara likaingia mwaka 2005. Wasichana waliosoma kwa msaada huo, wakishamaliza, wengi hurudi kwa hiari yao katika skuli za vijijini kwao kuwaongoza wadogo zao. Msichana akikosa skuli, humfuata nyumbani kwao, wakakaa na wazazi wake. Nao hawaachwi mikono mitupu, kwani hupata mikopo isiyo na riba ya kuanzishia shughuli zao. Nalisema hili kwa sababu nasi tuna tabia ya kuwasifu vijana wanaojitolea, kisha tukawasahau mpaka wakachoka.

Tena tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1927 ndipo Serikali ya wakati ule ilipofungua skuli yake ya kwanza ya wasichana mjini Unguja, na mwaka huo huo wakulima wa karafuu wa visiwa hivi wakaundiwa jumuiya. Umri ni mmoja. Isiwe basi kwamba kinachowatoa watoto wa kike skuli ni karafuu yetu sisi.

Kwa hiyo naleta mbele ya mkutano wetu mambo matatu. Kwanza, mwanachama asimchukue mtoto wa skuli kuchuma, kuokota wala kuchambua wakati wa masomo, ya asubuhi au ya jioni, hata akiletwa na mzazi wake. Pili, kila mwenye ghala au baraza atenge pembe moja ya kusomeshea, na aitenge msimu wenyewe, si baada yake. Tatu, kila mmoja wetu atoe pishi moja ya karafuu katika mavuno yake, ipatikane fedha ya madaftari na taa. Na vijana hawa wakitaka miche ya kupanda, jumuiya iwakopeshe bila ya faida.

Mimi nimekwisha kuanza. Nimewaambia wachumaji wangu kwamba msimu ujao karafuu zangu zitaokotwa na watu wazima, na pembe ya ghala iliyo karibu na mlango haitawekwa gunia. Mwenye rai iliyo bora kuliko hii na ailete mkutanoni. Lakini asije na rai ya kungoja msimu upite kwanza.

Wenu,
Mwanachama, Pemba