Starehe Ndogo za Siku za Kufungiwa

Kazi ya ukurasa huu ni mambo ya nyumbani, na kwa sababu hiyo hatuoni vibaya kuzirejea siku ambazo nyumba ilikuwa ndiyo dunia nzima. Siku hizo zimekwisha pita. Watu hawapendi kuzitaja, na wakizitaja hutaja vifo, na njaa, na khofu, nao wana haki. Lakini yalikuwako na mambo mengine, madogo madogo, ambayo watu huyasema kwa sauti ya chini kana kwamba ni aibu: ya kuwa katika dhiki ile walipata starehe. Sisi twaona si aibu, na twataka kuyasema waziwazi, pamoja na neno moja ambalo wenye kuzisifu siku zile hupenda kuliruka.

Na tuuchukue Mji wa Kale wa Mombasa uwe mfano wetu. Maradhi ya korona yalithibitishwa Kenya katikati ya Machi 2020. Tarehe 27 ya mwezi ule ikaanza amri ya kutotoka nje tangu saa moja ya jioni hata saa kumi na moja ya alfajiri, na misikiti ilikuwa imekwisha fungwa. Tarehe 8 Aprili watu wakakatazwa kuingia Mombasa wala kutoka. Kisha tarehe 6 Mei, Ramadhani ingali katikati, Mji wa Kale ukafungwa peke yake, kama ulivyofungwa mtaa wa Eastleigh wa Nairobi, kwa siku 15. Na muda ulipokwisha ukaongezwa mpaka mapema Juni. Amri yenyewe haikuwa ngeni kwa Waislamu. Yajulikana kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza watu kuiingia nchi yenye tauni, na kutoka humo kwa kuikimbia, na Sayyidna Umar alipopata khabari ya tauni ya Sham alirudi akiwa njiani, pale Sargh. Lakini kuijua khabari ni jambo moja, na kukaa ndani mwezi mzima ni jambo jingine.

Mji wa Kale ni mji wa barazani. Vichochoro ni vyembamba, nyumba zimeegemeana, na maisha ya wanaume baada ya alasiri yako nje: kahawa chungu, bao, dhumna, na siasa isiyokwisha. Basi baraza zikawa tupu, na mwenye nyumba ambaye miaka yote alionekana wakati wa kula na wakati wa kulala akawa yumo nyumbani asubuhi hata usiku. Hapo ndipo starehe za kwanza zilipojitokeza, na nyingi zilikuwa za kusikia na za kunusa. Mei ni mwezi wa mvua nyingi Mombasa, na mtu asiye na pa kwenda huisikia mvua juu ya mabati tangu tone la kwanza. Harufu ya iliki katika mahamri, na moshi wa udi ukipanda kutoka chetezoni baada ya magharibi, vilikuwako siku zote. Aliyekosekana ni mwenye kutulia akavinusa. Jioni zisizo na mvua wenye dari walipanda darini, watoto na tiara zao, wakubwa wakiulizana hali na jirani wa dari ya pili, kila mmoja mahali pake. Na sahani ya futari iliendelea kwenda kwa jirani imefunikwa kawa: yawekwa mlangoni, hodi yapigwa, na aliyeileta arudi nyuma hatua kadhaa. Wala sahani haikurudi tupu, kwa kuwa desturi ile hakuna amri iliyoifunga.

Lakini katika yote hayo, lililokuwa kubwa ni tarawehe. Ishaa huingia Mombasa baada ya saa moja, yaani ndani ya saa zilizokatazwa, na hata lau isingalikuwa hivyo misikiti ilikuwa na makufuli. Kila nyumba ikawa msikiti wake. Wako akina baba waliosalishwa maisha yao yote, ambao hawakupata kusimama mbele ya mtu hata siku moja, wakasimama mbele ya watoto wao wakizirudia sura fupi za Juzuu Amma. Na wako waliompa nafasi hiyo mtoto wa madrasa, kwa kuwa alihifadhi zaidi kuliko baba yake. Na katika madhehebu ya Shafii uimamu wa mtoto mwenye kupambanua wasihi. Nyuma yao safu ya wanawake, na katika safu hiyo bibi ambaye kwa miaka mingi tarawehe alizisali peke yake chumbani, akiisikia jamaa kwa mbali tu kutoka kipaza sauti cha msikitini. Sasa imamu wake ni mjukuu wake. Twaona ilikuwa kubwa kuliko starehe, wala hatuna jina jingine la kuipa.

Ama lile neno tulilolisema ni hili: starehe hizi zilikuwa na mwenye kuzifanya. Mahamri ya daku unga wake ulikandwa usiku na mtu. Watu wakishinda nyumbani hula nyumbani, na skuli zilipofungwa mama akawa mpishi, na mwalimu, na muuguzi, katika siku moja ya saumu. Mwanamume aliyetuambia kuwa hajapata kupumzika kama alivyopumzika mwaka ule, twapenda kumwuliza mkewe naye alipumzika lini. Bibi Aisha amepokewa akisema kuwa Mtume alikuwa nyumbani katika khidima ya watu wake, hata ukifika wakati wa sala akatoka. Wako waliolikumbuka hilo, wakakaa juu ya mbuzi wakakuna nazi kwa mara ya kwanza, nao husema kuwa hiyo pia ilikuwa raha, ingawa vidole viliumia.

Tena ni wepesi kuusifu utulivu wa kichochoro kwa mwenye gunia la mchele ndani. Kimya kile ambacho wengine walikistarehea kilikuwa ni kimya cha vikombe vya muuza kahawa, na cha mkokoteni wa hamali, watu ambao chakula cha leo hukipata leo. Aliyekaa chumba kimoja na watoto watano hakuwa na dari ya kupanda. Kwa hiyo starehe iliyo bora kwetu ni ile iliyotoka nje chini ya kawa ikaufikia mlango wake.

Mwezi wa Julai 2020 misikiti ilifunguliwa kwa watu wasiozidi 100 na kwa saa moja, na wasiotimia miaka 13 na waliopita 58 hawakuruhusiwa. Basi babu na mjukuu wakabaki wakisali pamoja nyumbani muda zaidi. Leo baraza zimejaa, na safu za tarawehe zimefika tena uani mwa misikiti, alhamdulillahi. Katika nyumba nyingi bibi amerudi chumbani kwake. Lakini zipo nyumba zilizoweka usiku mmoja wa kila wiki ya Ramadhani kuwa wa nyumbani, na usiku huo mswala wake hutandikwa mapema, hata adhana ya magharibi haijaadhiniwa.