Leteni Kitabu, Kisha Mseme Kweli

Mama mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, mwenyeji wa Uvira kule Kongo, aliazima riwaya kwangu. Alikaa nayo wiki tatu, akairudisha imefungwa vizuri katika kipande cha chitenje. Nikamuuliza kama aliipenda.

"Nashukuru, mwalimu."

Nikamuuliza tena: hadithi je, uliionaje?

"Nashukuru sana."

Nilipofika nyumbani Nathenje nikafungua kitabu, nikakuta kijiti cha ufagio ukurasa wa 19. Hapo ndipo alipoishia. Mama wa watu hakukipenda kitabu, lakini hakuona njia ya kuniambia hivyo, kwa sababu kwa miaka mingi kila kitu kilichomfikia kilikuja kama mgao: unga, maharage, sabuni, blanketi, na sasa riwaya. Mbele ya mgao mtu hasemi kwamba hakupenda. Anapokea, anashukuru, anaondoka ili wa nyuma yake apite.

Kijiti kile ndicho kilichonikalisha kuandika barua hii. Nakuandikia wewe uliye Dzaleka, wewe mwenye duka au ofisi Lilongwe, wewe jirani yangu wa Nathenje kando ya barabara ya Dedza, na wewe unayesafiri kwenda Mbeya na Dar es Salaam na kurudi. Ombi langu lina sehemu mbili, na ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Tukusanye vitabu vya Kiswahili vya kila aina. Kisha kila anayesoma aseme kweli: nimependa hiki, sikupenda kile, na kwa nini.

Tunajua tulipo. Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 katika wilaya ya Dowa, kwa ajili ya watu wapatao elfu kumi au zaidi kidogo. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, kanisani, msikitini na kwenye foleni ya maji. Lakini tafuta kitabu cha Kiswahili cha kusoma jioni kwa raha yako, si cha mtihani wala cha ibada, utazunguka mpaka viatu viishe. Vitabu vya msaada vinavyotufikia ni vya Kiingereza zaidi, na huchaguliwa na mtu aliye mbali sana ambaye hakupata nafasi ya kutuuliza. Na mwaka 2023, serikali ilipoagiza wakimbizi waliokuwa mijini na kwenye vituo vya biashara warudi kambini, watu walibeba godoro, sufuria na watoto. Kitabu ni kizito, na hakiliwi.

Mimi nimekuwa nikiazimisha vyangu kimoja kimoja, navibeba kwenye begi, nabadilisha minibasi Lilongwe, nafika Dowa. Tangu siku ya kile kijiti nimeacha kuuliza "ulikipenda?" Siku hizi nauliza, "ulichoka ukurasa gani?" Midomo imefunguka. Sasa najua mambo ambayo miaka yote ya ualimu haikunifundisha.

Vijana wa kiume wanataka upelelezi. Hili halikunishangaza, maana Kiswahili kina utajiri mkubwa upande huo. Muhammed Said Abdulla alitupa Bwana Msa na kiko chake katika "Mzimu wa Watu wa Kale" mwaka 1960. Faraji Katalambulla akafuata na "Simu ya Kifo" mwaka 1965, kisha Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika "Kufa na Kupona" mwaka 1974. Nakala yangu ya Musiba haina jalada tena, na kurasa mbili zimeshonwa kwa uzi. Kijana mmoja aliimaliza kwa usiku mmoja kwa tochi ya simu, akaja asubuhi macho mekundu kuuliza kama kuna nyingine. Dada yake akaisoma baada yake, naye akaniambia neno ambalo sijalisahau: wanawake wa humo kazi yao ni kutega wanaume au kufa. Alisema alifika mwisho kwa sababu ya mbio, lakini hakumwona hata mmoja ambaye angependa kuwa rafiki yake. Nimezisoma riwaya hizo tangu niko shule ya msingi Kyela, na sikuwahi kuliona hilo mpaka msichana wa miaka kumi na saba aliponionyesha.

Huyo nilimpa "Vuta N'kuvute" ya Adam Shafi. Alimpenda Yasmin, yule msichana aliyeozwa kwa mwanamume mzee asiyempenda, akatoroka. Mzee mmoja jirani yao alipoambiwa habari za kitabu akakasirika, akasema hayo si mafunzo ya kumpa binti. Wakabishana kibarazani hadi magharibi. Mwisho mzee akakitaka kitabu ili, kwa maneno yake, apate ushahidi wa kukikataa. Bado anacho. Simdai.

Lakini mvutano ulionigusa zaidi ulikuwa juu ya "Rosa Mistika" ya Euphrase Kezilahabi. Ni riwaya ya mwaka 1971, ya msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa fimbo ya baba, akakosa wa kumwonyesha njia, na mwisho wake ni mauti. Mwanamke mmoja alikirudisha siku ya pili. Akasema, "Msiniletee kitabu ambacho watu wanakufa hivyo. Mimi nimeviona vya kutosha kwa macho yangu, sitaki kuviona tena kwenye karatasi." Nikaona aibu kwamba sikumuuliza kabla. Nikaamua moyoni kwamba vitabu vya misiba sitavipeleka tena kambini.

Wiki mbili baadaye mwenzake, waliyevuka naye ziwa safari moja, akakitaka kitabu kilekile. Nikajaribu kumzuia kwa upole. Akasisitiza. Alipokirudisha alisema amelia, na kwamba alikuwa hajalia tangu walipohama. Kwake hicho ndicho kitabu bora alichowahi kushika. Watu wawili, njia moja, ziwa moja, na kila mmoja na haja yake. Tangu siku hiyo sithubutu kusema kwamba wakimbizi wanapenda hiki au hawapendi kile. Ninayeweza kumsemea ni huyu, halafu yule, kila mmoja kwa jina lake moyoni mwangu.

Kuna malalamiko mengine ambayo sisi tuliosoma Tanzania hatupendi kuyasikia. Mzee mmoja wa Fizi alijaribu riwaya ya Unguja, akairudisha akisema, "Kiswahili ya mu kitabu iko nguvu sana." Kwake nguvu ni ugumu. Mwalimu wa zamani ndani yangu alitaka kumsahihisha. Afadhali nilinyamaza, kwa sababu mzee anazungumza Kiswahili tangu utotoni, Kiswahili cha ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Tanganyika, na kitabu ndicho kilichoshindwa kumfikia. Maneno ya forodhani na vichochoro vya Mji Mkongwe hayana pa kushika kwa mtu aliyekulia milimani Kivu. Nilimsomea kwa sauti, nikieleza neno hapa na pale, na hapo akacheka mahali pa kucheka. "Kusadikika" ya Shaaban Robert, kitabu cha mwaka 1951 kinachosimulia nchi iliyo angani, aliielewa vizuri zaidi, ingawa alilalamika kwamba ukisikia waziri anaitwa Majivuno umeshajua atafanya nini. Ni haki yake kulalamika. Mimi mwenyewe nampenda Shaaban Robert kama baba, na bado nakubali kwamba anahubiri mno.

Mashairi watu wanayapenda kwa masikio kuliko kwa macho. Hilo halihitaji maelezo marefu kwa yeyote aliyehudhuria Tamasha la Tumaini, linalofanyika humohumo kambini tangu mwaka 2014, lililoanzishwa na mshairi Menes La Plume, mkimbizi kutoka Kongo.

Sasa wapo watakaosema: maskini hachagui, apewe chochote. Najua wanachotaka kusema, na wana mfano mzuri karibu sana na sisi. Wimbe, wilaya ya Kasungu, si mbali na Dowa. Kijana William Kamkwamba aliacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya mwaka 2002, akawa anakwenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi, yenye vitabu vya msaada. Humo alikuta kitabu cha sayansi cha Kiingereza kiitwacho "Using Energy", chenye picha za vinu vya upepo. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, akafuata michoro. Kwa vipande vya baiskeli na nguzo za mkaratusi akajenga kinu kilichowasha taa nyumbani kwao. Mwaka 2009 habari zake zikawa kitabu chenyewe, kikasomwa duniani kote.

Naupenda mfano huu, na nautumia kwa upande wangu. Kamkwamba hakupewa kitabu kile kama mgao. Alikiona rafuni kati ya vingine, akakichagua yeye, akaacha vingine vyote. Kama rafu ingekuwa na aina moja tu ya vitabu, angerudi shambani mikono mitupu. Nasi tunataka rafu ya namna hiyo: upelelezi na mapenzi, tenzi na hekaya za Abunuwasi, ufundi wa umeme wa jua, ufugaji wa kuku, maisha ya watu, vitabu vya watoto vyenye picha, na hata "Nagona" na "Mzingile" za Kezilahabi, ambazo wengi wataziweka chini kwa sababu ya ugumu wake, na mmoja ataondoka nazo asizirudishe.

Hapa nina tahadhari moja, na naomba isomwe polepole. Dzaleka ilikuwa gereza kabla haijawa kambi, enzi za Rais Kamuzu Banda. Jina lenyewe kwa Kichewa ni la mtu anayeapa kwamba ameacha, hatarudia tena. Katika nchi hii, tangu sheria ya mwaka 1968, bodi ya serikali iliamua raia wasome nini. Mshairi Jack Mapanje alichapisha "Of Chameleons and Gods" mwaka 1981. Mwaka 1987 alikamatwa, akafungwa gereza la Mikuyu bila kushtakiwa hadi 1991. Na kwetu Tanzania "Rosa Mistika" iliwahi kuzuiwa shuleni. Waliofanya hayo yote walikuwa watu waliochukia kitabu, wakataka na wengine wasikione. Kwa hiyo ninapowaomba mseme "sikukipenda", naomba pia kitabu kibaki rafuni. Mzee wa kibarazani ana haki ya kumkasirikia Yasmin mpaka mwisho wa dunia. Hana haki ya kumficha.

Basi tufanye hivi.

Wewe wa Lilongwe mwenye vitabu vya Kiswahili kabatini ambavyo hujavigusa tangu uhamie, toa vitatu. Usitoe vile tu unavyotaka kuviondoa. Kimoja kiwe kile unachokipenda hasa, kinachokuuma kukitoa. Kabla ya kukileta, andika ndani ya jalada mistari miwili: kilikupendeza nini, kilikuchosha wapi.

Wewe msafiri wa basi la Dar es Salaam, upitaye Mbeya na mpaka wa Kasumulu hadi Karonga na Mzuzu, najua begi lako lina vitenge na vipodozi vya watu. Acha nafasi ya vitabu viwili. Vya mitumba vinatosha, hata visivyo na jalada.

Ninyi wa mashirika mnaopanga kuleta makasha ya vitabu, tunawapokea kwa mikono miwili. Tumeni kwanza mtu mmoja mwenye daftari akae siku tatu, aulize watu walichoka ukurasa gani. Mtaokoa nauli ya makasha mengi.

Walimu wa Malawi wenzangu, Chakwera, rais wa wakati huo, alitangaza mwaka 2023, Rais Samia wa Tanzania alipotembelea Lilongwe, kwamba Kiswahili kitafundishwa katika shule zetu. Watoto wa Nathenje watahitaji cha kusoma wakishajua kusema "habari za asubuhi". Na walimu wa kuwasaidia hawako mbali, wako Dowa, wengine wakiwa na vyeti ambavyo havijafunguliwa tangu wavuke mpaka.

Na ninyi vijana wa Dzaleka mnaosema hakuna kitabu kinachowahusu: mko sahihi, na wa kukiandika yuko kati yenu. Kiandikeni kwa Kiswahili chenu cha Uvira, cha Bujumbura, cha foleni ya maji. Mtu wa Unguja naye ajifunze maneno mapya.

Nimenunua daftari kubwa la kurasa 96, nimelifungia penseli kwa uzi. Litakaa juu ya rafu hiyo tunayoitaka, na yeyote atakayerudisha kitabu ataandika jina la kitabu na maneno anayotaka, bila kutia jina lake kama hapendi. Asiyejua kuandika atasema, mwenzake aandike vilevile alivyosema, "iko nguvu" ibaki "iko nguvu".

Jumamosi iliyopita nililipeleka Dzaleka kwa mara ya kwanza. Yule mama wa Uvira alikuwepo. Alilifungua, akaishika penseli muda mrefu, kisha akaandika jina la riwaya niliyomwazima, na chini yake: Huyu bwana anaeleza nyumba kurasa kumi na tisa, na watu hawajaingia. Akanitazama kidogo, akaona sijakasirika. Akauliza kama ninacho kingine.