Ushahidi: Neno Letu Ndani ya Simu



Vijana, mara kwa mara mnatuletea habari za programu mpya mlizozigundua: moja hupamba picha, nyingine hutafsiri lugha, nyingine hujibu maswali kana kwamba ni mtu. Hatuzidharau. Leo, hata hivyo, tunataka kuwaelekeza kwenye programu yenye umri mkubwa kidogo, iliyozaliwa Afrika Mashariki na kupewa jina la Kiswahili: Ushahidi.

Mwishoni mwa Desemba 2007, baada ya uchaguzi wa rais, Kenya iliingia katika machafuko. Serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na uvumi ukajaza pengo. Mapema Januari 2008, mwanasheria Ory Okolloh alipendekeza iwepo ramani ambayo kwayo raia wangeonyesha mahali palipotendeka maovu. Erik Hersman, David Kobia, Juliana Rotich na wenzao waliijenga kwa muda wa siku chache. Mtu aliweza kuandika kwenye tovuti au kutuma ujumbe mfupi kwa simu ya kawaida. Habari yake iliwekwa kwenye ramani pamoja na mahali na tarehe, nayo ikalinganishwa na habari za vyanzo vingine.

Novemba 2008, vita vilipopamba moto Kivu Kaskazini, ramani ya namna hiyo ilifunguliwa kwa ajili ya nchi yetu. Januari 2010, baada ya tetemeko la ardhi la Haiti, iliwaonyesha waokoaji walipo watu wenye shida. Programu hiyo hutolewa bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote apendaye kuutumia.

Jambo hili linatuhusu sana sisi wa Ntoto. Wazee wetu wanajua jinsi neno linavyoweza kutangulia panga. Machi 1993 damu ilimwagika katika soko la Ntoto, na vita vikaenea Walikale na Masisi. Wakati ule uvumi ulitembea kwa miguu. Leo unasafiri katika sauti iliyorekodiwa, nao huvuka milima kabla msafiri hajafunga mzigo wake. Sauti isiyo na mwenyewe inasema kijiji fulani kimechomwa, au kabila fulani linajiandaa. Mama anaacha mihogo shambani, watoto wanalala msituni, jirani anaanza kumwogopa jirani. Kesho yake tunaulizana ni nani aliyeona, na hapatikani hata mmoja.

Maoni yetu ni haya: hakuna programu itakayotufaa ikiwa anayeitumia hajajifunza kutofautisha kuona na kusikia. Vijana wale wa Kenya walichagua neno lenye masharti, neno la barazani na mahakamani. Shahidi husema alichokiona, hutaja siku na mahali, na hukubali kuulizwa maswali.

Mtatuambia kwamba hatari haisubiri uchunguzi. Ni kweli, anayeona moto na apige kelele. Lakini aseme, "Nimeuona," au, "Nimesikia kwa mwingine." Asigeuze la kusikia kuwa la kuona.

Yako pia maneno ya kweli yasiyofaa kusambazwa. Katika Masisi na Walikale, jina la shahidi au picha ya maficho ikiingia mikononi mwa wabaya inaweza kugharimu uhai. Habari ya namna hiyo na ipelekwe kwa mtu wa kuaminika anayeweza kusaidia, wala isirushwe hadharani.

Basi tunaomba kila kikundi cha vijana kianze na daftari moja, kabla ya kutafuta programu yoyote. Daftari halihitaji unite, mtandao wala umeme. Habari ya kutisha ikifika, kikundi kiandike majibu ya maswali manne: Nani aliona kwa macho yake? Wapi? Lini? Nani mwingine, asiyejuana naye, anasema vivyo hivyo? Majina ya mashahidi yasiandikwe humo. Yabaki moyoni mwa yule aliyewauliza. Na habari isiyopata jibu la swali la kwanza, kikundi kisiipeleke mbele.